Chapa Huanza Kufia Tawini

Maswali ya wasomaji kuhusu maduka na migahawa ya chakula cha haraka

Barua nyingi za toleo hili zimezunguka jambo moja: chapa mbili zinauza vitu vinavyofanana, moja inaongeza matawi, nyingine inafunga. Zilizouliza jambo lilelile tumeziunganisha.

Kila duka kubwa likifungwa, lawama huenda kwa intaneti. Ni kweli au ni kisingizio?

Ukweli upo, ila umepewa uzito usio wake. Mwaka 1962 nchini Marekani zilizaliwa chapa tatu za maduka ya bei nafuu: Kmart mwezi Machi, Target mwezi Mei, Walmart mwezi Julai. Kmart ilikuwa na kampuni ya zamani yenye mtaji nyuma yake, na kwa zaidi ya miongo miwili iliuza kuliko Walmart. Januari 2002 ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Wakati huo ununuzi wa mtandaoni ulikuwa bado tone tu katika biashara ya rejareja.

Tofauti ilikuwa ghalani. Walmart ilijenga ghala, ikalizungushia maduka yanayofikika kwa lori ndani ya siku moja, ikajaza eneo hilo kabla ya kurukia jingine. Kufikia 1987 ilikuwa na mtandao wake wa setilaiti, kwa hiyo makao makuu yalijua kimeuzwa nini na wapi. Kmart iliita watu kwa vipeperushi vya bei za wiki, na mara nyingi mtu akifika, kilichotangazwa hakipo. Kipeperushi cha namna hiyo ni hasara mara mbili: umelipia tangazo, kisha umemzoesha mteja kutokuamini tangazo lako.

Hata jina kubwa haliokoi rafu tupu. Target ilipoingia Kanada mwaka 2013, ilifungua maduka 133 ndani ya muda mfupi mno. Taarifa za bidhaa kwenye kompyuta zilikuwa zimejaa makosa, vipimo vya inchi vimeingizwa mahali pa sentimita, urefu umeandikwa kwenye upana. Bidhaa zikarundikana ghalani huku rafu za dukani zikiwa wazi. Januari 2015 ikatangaza kuondoka kabisa.

Sears, kampuni kongwe ya maduka ya Marekani, inauma zaidi. Ilikuwa na maghala, uzoefu wa kupeleka mizigo hadi nyumbani na orodha ya mamilioni ya wateja waliozoea kuagiza bila kufika dukani. Ikafuta katalogi yake kubwa, kitabu cha kuagizia bidhaa kutoka nyumbani, mwaka 1993. Amazon ilianzishwa 1994. Kosa la Sears halikuwa kushindwa na teknolojia. Ilibomoa yenyewe daraja ambalo mwenzake alikuja kulijenga upya.

Kampuni inatangaza mauzo yamepanda, mwaka unaofuata inafunga matawi. Huo si uongo?

Si lazima uwe uongo. Chukua kampuni yenye matawi 100, kila moja likiuza 1,000 kwa siku. Inafungua mapya 20 yanayouza 800 kila moja, na yale ya zamani yanashuka hadi 960. Jumla ilikuwa 100,000, sasa ni 96,000 na 16,000, yaani 112,000. Taarifa itasema ukuaji wa asilimia 12, na itakuwa sahihi. Lakini kila tawi la zamani limepoteza asilimia 4, na mapya yamezaliwa dhaifu.

Kwa hiyo namba ya kudai kwanza ni mauzo ya matawi yaliyokwisha kutimiza mwaka mmoja au zaidi, bila kuchanganya na mapya. Ukiipata, ichambue tena: bei imepanda kiasi gani? Mauzo ya tawi yakipanda asilimia 3 huku bei zikipanda asilimia 6, bidhaa zilizotoka mlangoni zimepungua karibu asilimia 3. Kampuni inaweza kuishi miaka miwili au mitatu kwa kupandisha bei juu ya wateja wanaopungua, na taarifa zake zikapendeza muda wote huo.

Matawi mapya pia hula wateja wa ndugu zao. Starbucks ilifika hapo: mwaka 2008 ikatangaza kufunga matawi yapatayo 600 Marekani, mengi yake yakiwa yamefunguliwa ndani ya miaka miwili na ushei tu. Mwezi Februari mwaka huohuo ilikuwa imeyafunga matawi yake 7,100 kwa saa kadhaa za jioni moja ili kuwafundisha wafanyakazi upya kutengeneza kahawa. Wengi waliicheka siku ile. Sisi tunaona ilikuwa dalili ya kampuni iliyojua tatizo lake lilipo.

Nina leseni ya mgahawa wa chapa maarufu. Makao makuu yameamuru ofa ya punguzo la asilimia 15. Wateja wameongezeka kwa asilimia 20, lakini mwisho wa mwezi sioni kitu. Nakosea wapi?

Hujakosea, ndugu. Tuipige hesabu yako kwa kila 100 iliyokuwa ikiingia kabla ya ofa, kwa viwango visivyo vya ajabu katika kazi hii: malighafi 30, mishahara 30, pango 9, umeme na matengenezo na bima 11, mrabaha wa chapa (ada ya kutumia jina lake) 8, mchango wa matangazo 4.5. Jumla 92.5. Ulikuwa unabaki na 7.5.

Sasa ofa. Wateja 120 badala ya 100, kila mmoja akilipa 0.85 badala ya 1: unaingiza 102. Malighafi inakwenda 36, maana umepika chakula zaidi. Mishahara tuseme 33, kwa kuwa saa za msongamano zimehitaji mikono ya ziada. Pango 9, mengineyo 11. Mrabaha unakuwa 8.16 na matangazo 4.59. Jumla 101.75. Foleni imefika mlangoni, na wewe umebaki na robo moja, 0.25.

Tazama sasa upande wa pili wa meza. Mwenye chapa alikuwa akipata 8. Sasa anapata 8.16. Kwake ofa imefaulu. Mrabaha hukatwa kwenye mauzo, haukatwi kwenye faida, na ugomvi mwingi kati ya makao makuu na wenye leseni umetoka kwenye sentensi hiyo moja. Viwango vya 8 na 4.5 tulivyotumia ndivyo ambavyo Subway imekuwa ikitoza Marekani kwa miaka mingi. Ofa yake ya sandwichi ya futi moja kwa dola 5, iliyotangazwa nchi nzima mwaka 2008, ilivuta umati wakati wa mdororo wa uchumi. Gharama zilipopanda, bei ile ikawa mzigo kwa wenye matawi. Matawi yake ya Marekani yalizidi 27,000 mwaka 2015. Mwishoni mwa 2023 yalikuwa karibu 20,000. Punguzo halikuwa sababu pekee, kwani matawi yalikuwa yamesogezwa karibu mno, lakini tawi lisilo na akiba halivumilii jirani mpya.

Kabla ya kukubali ofa ijayo, gawanya faida ghafi, yaani kinachobaki kwenye kila 100 ya bei ukitoa gharama ya malighafi au bidhaa, kwa faida ghafi iliyobaki baada ya punguzo. Mgahawa wenye faida ghafi ya 70 ukipunguza 15 ni 70 kwa 55, yaani lazima uuze asilimia 27 zaidi ili urudi ulipokuwa, na hapo hujaongeza mfanyakazi. Duka lenye faida ghafi ya 25 likipunguza 10 ni 25 kwa 15: asilimia 67 zaidi! Ukilazimika kutoa ofa, omba iwe ya saa ambazo jiko limelala, kwa mfano saa 9 hadi 11 alasiri, iwe kwa chakula chenye malighafi rahisi, na iwe na tarehe ya kukoma. Kisha hesabu waliorudi ndani ya siku 30 wakalipa bei kamili. Hao ndio wateja uliopata; waliobaki ulikuwa umewakodi.

Msifikiri dawa ni kufuta punguzo kwa siku moja. JCPenney, chapa ya maduka makubwa ya Marekani, ilijaribu Februari 2012: kuponi zikaondolewa, zikawekwa bei za chini zisizobadilika. Wanunuzi wake walikuwa wamefundishwa kwa miaka mingi kwamba bei ya kwenye lebo si bei. Mauzo ya mwaka huo yakaanguka kwa takribani robo, kutoka dola bilioni 17 na zaidi hadi 13, na mkuu wake akaondoka Aprili 2013. Wazo halikuwa baya. Lilipaswa kujaribiwa kwenye maduka machache kwanza.

Je, kuuza kupitia programu za simu za kupeleka chakula kunasaidia?

Kunasaidia jiko lililolala, kunaumiza jiko lililojaa. Programu nyingi hutoza asilimia 15 hadi 30 ya oda. Kwenye 100, ukitoa malighafi 30, kamisheni 30, vifungashio 4, mrabaha na matangazo 12.5, zinabaki 23.5. Kama mpishi alikuwa amekaa tu, hizo ni zako. Kama oda hiyo imemchelewesha mteja aliyesimama kaunta, umebadilisha mteja mnono kwa mteja mwembamba. Zima programu saa za kilele. Wengi huogopa kufanya hivyo bila sababu.

Kwa nini mgahawa wenye vyakula vichache huuza kuliko wenye menyu ndefu? Mantiki yangu inasema kinyume.

Mantiki yako inahesabu matakwa ya wateja na kusahau mikono ya wapishi. Ndugu wawili wa McDonald walikuwa na mgahawa unaofanya vizuri San Bernardino, California, wenye vyakula aina 25 hivi. Mwaka 1948 waliufunga kwa muda, wakawaondoa wahudumu wa magarini, wakabakiza aina tisa, na kulipanga jiko kama mstari wa kiwandani, kila mtu na kituo chake. Chapa nzima iliyofuata ilisimama juu ya mpangilio ule wa jiko.

Sababu ni hii. Kasi ya mgahawa ni kasi ya kituo chake kizito kuliko vyote. Dirisha la magari likitumia sekunde 60 kwa gari katika kituo hicho, linapitisha magari 60 kwa saa. Ongeza kinywaji kimoja cha kusagwa kinachoisogeza hadi sekunde 75, sasa ni magari 48. Umepoteza asilimia 20 ya uwezo wako katika saa inayolipa pango la siku nzima, na hata wasioagiza kinywaji hicho wamekaa foleni yake. Na aliyeona foleni akapita hahesabiwi popote. Hakuna risiti ya mtu aliyekata tamaa.

McDonald's wenyewe walijikwaa hapohapo. Mwaka 2015 walianza kuuza vyakula vya asubuhi siku nzima Marekani. Wateja walishangilia, mauzo yakapanda kwa muda, lakini wenye matawi walilalamika: mayai na nyama havipikwi kwa joto moja, nafasi ya jikoni ni ileile. Machi 2020, janga la korona lilipoanza, mpango uliondolewa ili kurahisisha kazi, na haukurudishwa nchi nzima.

Upande wa maduka hesabu hiyohiyo inaitwa mzunguko wa bidhaa. Costco, maduka ya jumla ya wanachama, hubeba takribani aina 4,000, wakati supamaketi ya kawaida ina makumi ya maelfu. Aina chache maana yake oda kubwa kwa kila aina, bei nzuri kutoka kiwandani, na mzigo unaoisha haraka. Bidhaa ikizunguka mara 12 kwa mwaka inakaa mwezi mmoja tu. Msambazaji akikupa siku 30 za kulipa, umeuza kabla hujatoa fedha. Kwa hiyo Costco inaweza kujiwekea kikomo cha nyongeza ya bei cha kama asilimia 14 na bado ikastawi, kwa kuwa sehemu kubwa ya faida yake hutoka kwenye ada za uanachama. Anayeiga bei zake bila kuiga ufupi wa orodha yake atafilisika mapema sana.

Ukitaka kupunguza menyu, usianze na kisichouzwa tu. Anza na kinachohitaji kiungo chake peke yake au mashine yake peke yake.

Chakula cha chapa fulani kilikuwa kitamu, sasa si kile. Ni ulimi wangu umezeeka?

Huenda ulimi ni mzima. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kampuni haiamki siku moja ikaharibu chakula. Inabadilisha jibini, ikaulizwa kama kuna anayetambua, hakuna. Mwaka unaofuata mafuta, kisha unga, kisha dakika za kupika. Kila badiliko linalinganishwa na la jana, wala si na la mwanzo, kwa hiyo kila jaribio linafaulu na chakula kinakufa.

Dawa ni kuhifadhi kipimo cha asili, uzito, viungo na muda wa kupika, na kulinganisha nacho kila mwaka, waonjaji wakiwa hawajui kipi ni kipi. Domino's walifanya jambo gumu zaidi: mwishoni mwa 2009 walikiri hadharani, kwenye matangazo yao wenyewe, kwamba wateja wanasema mkate wa piza yao una ladha ya boksi. Wakabadilisha mkate, mchuzi na jibini. Robo ya kwanza ya 2010 mauzo ya matawi yao ya Marekani yaliyokuwepo tangu awali yalipanda kwa asilimia 14.3. Ungamo bila mapishi mapya lingekuwa kujichimbia kaburi.

Duka lililojaa wateja linafilisikaje?

Kikulacho ki nguoni mwako, na mara nyingi jina lake ni deni. Toys R Us, maduka ya vichezeo, ilinunuliwa na wawekezaji mwaka 2005 kwa dola bilioni 6.6 hivi, nyingi zikiwa za mkopo, na mkopo ukabebeshwa kampuni yenyewe. Riba ya kila mwaka ilikuwa mamia ya mamilioni ya dola, fedha ambazo zingekarabati maduka na kujenga mauzo ya mtandaoni. Septemba 2017 iliomba kinga dhidi ya wadai. 2018 maduka ya Marekani yakafungwa, na bado ilikuwa ikiuza kwa mabilioni.

Njia ya pili ni kuuza majengo. Red Lobster, migahawa ya vyakula vya baharini, iliuzwa mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.1, na ardhi yake ikauzwa kwa bilioni 1.5 ili kulipia ununuzi huo. Tangu hapo migahawa yake mingi ikalipa pango kwa nyumba ambazo kampuni ilikuwa ikizimiliki. Ilipoanguka Mei 2024, watu walicheka ofa ya kamba wasio na kikomo iliyoleta hasara ya dola milioni 11. Ofa ilikuwa ya kijinga, ndiyo. Lakini ofa hufutwa kwa barua moja, na mkataba wa pango wa miaka mingi haufutiki.

Nina akiba na nataka kununua leseni ya chapa. Wananionyesha idadi ya matawi tu. Nikague nini?

Idadi ya matawi ni namba ya muuzaji. Wewe tafuta yaliyofungwa na yaliyobadilisha mikono. Marekani sheria inamlazimisha mwenye chapa kukupa waraka wa ufichuzi angalau siku 14 kabla ya kusaini au kulipa. Kipengele cha 20 kinaonyesha matawi yaliyofunguliwa, kufungwa na kuhamishwa kwa miaka mitatu, na cha 19, kama kimejazwa, kinaonyesha mapato. Mahali pasipo na sheria hiyo, dai taarifa hizohizo kwa maandishi. Anayekataa amekwisha kukujibu.

Kisha zungumza na walioacha kabla ya waliopo. Waulize: malighafi ulilazimishwa kununua kwa nani, na sokoni ilikuwa bei gani? Kampuni ikipata faida kwa kukuuzia boksi na mchuzi, haina haja kubwa ya wewe kupata faida kwa kuuza chakula. Quiznos, chapa ya sandwichi, ilifikia takribani matawi 5,000, wenye leseni wakaishtaki kwa jambo hilihili, na ikaomba kinga dhidi ya wadai Machi 2014.

Pima tawi mwenyewe. Nunua kitu kidogo linapofunguliwa, nunua tena kabla halijafungwa, toa namba ya risiti ya kwanza kwenye ya mwisho: hiyo ni idadi ya mauzo ya siku. Fanya siku ya kazi na siku ya mapumziko. Hakikisha tu risiti zote mbili zimetoka kaunta moja, kwani mashine nyingine huhesabu kila moja kivyake.

Ninauzia maduka makubwa bidhaa kwa mkopo wa siku 60. Nitajuaje moja linakaribia kuanguka?

Usiangalie taa za mbele, angalia rafu. Bidhaa moja ikitandazwa kujaza nafasi ya bidhaa tatu, kuna wasambazaji waliokwisha kuacha kuleta. Chapa kubwa zinazojulikana zikitoweka na za duka lenyewe zikabaki, ujue wenye nguvu wamedai fedha taslimu wakakosa. Kampuni za bima ya mikopo zikikataa kubima ankara za duka hilo, msambazaji wa kawaida hapeleki tena mzigo, rafu zinazidi kupwaya, wateja wanahama, na kilichokuwa uvumi kinakuwa kweli ndani ya wiki chache. Hatari huwa kubwa baada ya msimu wa sikukuu, kwa sababu fedha zote za mwaka zimeshaingia na hazikutosha.

Kwenye daftari lako, dalili ya kwanza ni tarehe: aliyelipa siku ya 58 sasa analipa ya 66, kisha ya 75. Ya pili ni migogoro midogo inayozuka ghafla, ankara kurudishwa kwa kosa la herufi, mzigo kukataliwa kwa boksi lililokunjamana. Ya tatu ni mtu wa malipo uliyemzoea kuacha kazi.

Ukiona mbili kati ya hizo, punguza siku hadi 30, weka kikomo cha deni kisichozidi mzigo mmoja, na usipeleke mwingine kabla wa awali haujalipwa. Kama sheria za kwenu zinaruhusu, andika kwenye ankara kwamba bidhaa ni mali yako hadi ilipwe, na uweke alama kwenye maboksi ili yatambulike ghalani. Bila alama, kipengele hicho hakitakusaidia siku msimamizi wa mufilisi atakapofunga mlango.